Kiganja Juu ya Zulia

...na tangu Jumanne ile, tarehe kumi na moja Machi, saa tatu na robo asubuhi kwa saa ya ukutani ya wodi, ile yenye kioo kilichopasuka ambayo muuguzi aliitazama kwanza ndipo akavuta shuka, hakuna mkono uliomsukumia Adero kitu kutoka chini, mpaka leo, mpaka sasa hivi, na mkono wa leo si ule, huu unasukuma kama jirani anayegonga mlango kudai sufuria yake, go go go, haupumziki wala haungoji, na Adero amepiga magoti ndani ya Pejo ya Hajji Asuman, milango yote minne wazi, viti vimetolewa na kupangwa nje juani kama wageni waliofika sherehe mapema mno, na kiganja chake cha kulia kimelala juu ya zulia jipya, zulia la rangi ya damu ya mzee, zito, lenye manyoya mafupi, zulia ambalo bado halina tundu hata moja... "Niko nasukuma, Mama Travis, unasikia?" Ni Emile huyo, amelala chini ya gari, sauti yake inapita kwenye bati la sakafu na kufika juu imeshika kutu, na Adero anajibu bado, sogea, sogea kwa mlango kidogo, ingawa hajui kama ni kwa mlango au ni kwa gia, anasema tu ili mkono ule uondoke kidogo, apate nafasi ya kuvuta pumzi.

Kazi yenyewe haina siri, mtu yeyote wa Katwe aliyewahi kumwona Adero na mumewe wakiifanya angeweza kuieleza, gari la kale linavuliwa zulia lake lililooza na kuvikwa jipya, na zulia jipya huja zima kama shuka, halijui viti vinafungwa wapi, halijui mikanda inashikizwa wapi wala breki ya mkono inatokea wapi, matundu ya bolti yapo kwenye bati lakini yamefunikwa, hayaonekani, na futi hudanganya, kwa sababu zulia likishalala juu ya tuta la katikati na kushuka pande zote mbili linavutika huku na kulegea kule, ukipima juu juu na kukata utakuta tundu lako linatazama bati tupu, kwa hiyo mmoja hulala chini ya gari na bisibisi iliyonolewa ikawa na ncha, huipenyeza kwenye tundu la bati, huinua zulia kidogo tu, na mwenzake yuko juu na kiganja chake, anapapasa, anaitafuta ile ncha inayoinuka kama jino la mtoto kwenye ufizi, akiipata anasema hapo, basi, neno moja, hapo, na aliye chini anasukuma ncha ipenye, na aliye juu anachukua chuma kilicholazwa kwenye makaa na kuyeyusha tundu palepale, nyuzi zinashikana zenyewe zisifumuke, halafu ngozi ya kuzungushia, halafu sindano... na tundu la kuogopwa ni la kwanza, kwa kuwa ukishalipata unapitisha bolti, bolti inalishika zulia, na matundu mengine yote yanafuata kutoka hapo, lakini hilo likienda kombo, hata kwa upana wa kidole, yote yatakwenda kombo, na zulia ni hili hili, Hajji ameletewa kutoka Nairobi na mtu aliyeagiziwa na mtu, hakuna la pili.

"Nyabo!" Hajji anamwita mama kwa Kiganda kutoka kwenye benchi, kikombe cha chai kiko mkononi, kanzu ameikunja magotini isishike vumbi la Katwe, "nyabo, mimi nashangaa, nyinyi munatafuta nini huko? Si munareta dirili, vuuu, imeisha?" na Emile kutoka chini, bila hata kusubiri, "Hajji, dirili itashika uzi moja, itavuta, itavuta, utafika kwako Bukoto na uzi mkononi, kapeti itabaki hapa," na wale wapiga bati wa kibanda cha pili wanacheka, nyundo zao zinanyamaza kidogo ili zicheke nao, na Hajji anasema wewe Mkongo funga mudomo, kutu itaingia, na anacheka mwenyewe, si mtu mbaya Hajji, ana harusi ya binti yake Jumamosi na anataka binti atoke nyumbani ndani ya gari alilozaliwa akilikuta, ndilo lililompeleka shule, ndilo alilotapikia siku ya kwanza ya shule, Hajji mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akilipapasa paa la gari kama anapapasa mgongo wa ng'ombe, akamwambia Adero, nimesikia habari ya bwana yako, pole sana, nikauliza nani mwingine, wakaniambia hakuna mwingine, ni mama tu, basi nimekuja kwa mama... na Adero akasema ndiyo, Hajji, acha gari, kabla hajajua kwamba amesema.

Kabla hajajua, na sasa makaa yanaisha kwenye sigiri, chuma kimeiva mpaka kimekuwa cheupe kwenye ncha, kitapoa, itabidi aongeze makaa, na Jumapili shemeji anakuja, kaka yake marehemu mumewe Nashon, anakuja na pikapu kuichukua cherehani ile nzito ya ngozi na kumchukua na yeye, alisema hivyo kaburini, si kwa ukali, alikuwa amemshika bega na macho yake yalikuwa mekundu, "shemeji, ile ni kazi ya watu wawili, mtu mmoja haiwezi, njoo nyumbani, utashona sare za shule, hutakosa," na tangu siku ile Adero amekuwa akiona kwamba shemeji amesema kweli, akizipatanisha sare za shule na maisha yake akaziona zinakaa, kola, mfuko, kola, mfuko, kazi ambayo mtu hufanya peke yake akitazama anachokifanya, hakuna haja ya mtu mwingine kulala gizani na kukutafuta, na akamjibu kwenye simu juzi, sawa shemeji, njoo Jumapili baada ya misa, tuone, na hilo neno tuone ndilo lililobaki, limening'inia kwenye zulia hili, zulia likikataa atapanda pikapu, likikubali atamwambia shemeji nini, hajui, atamwambia kuna mkono mwingine, lakini mkono wenyewe ndio huu, go go go... "Emile, ndugu yangu, unabomoa nyumba?" "Pole, mama, mimi niko fundi ya vyuma, chuma hakisikie kama hukipige."

Nashon hakupiga. Nashon alikuwa akilala chini kabla zulia halijawekwa, akikawia makusudi, eti anakagua bati, lakini Adero alijua anachotazama, jua lilikuwa likipita kwenye matundu ya sakafu na kumwangukia kifuani, duara duara ndogo za mwanga juu ya shati lake la kazi, akisema njoo uone, Adero, nimevaa nishani kama jenerali, na Adero angesema toka huko, watu wanangoja gari, na yeye, ngoja kidogo, mkishafunika ni giza, nitakaa gizani nikikusubiri wewe tu... alikuwa akisema maneno kama hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba spana, na baadaye zulia likishatandazwa na mwanga ukazimika angekaa kimya, halafu ingekuja ile ncha, taratibu, ikisukuma, ikipumzika, ikisukuma, ikipumzika, kama mtu anayebonyeza embe kujua limeiva, na kiganja cha Adero kingeenda chenyewe, bila yeye kukituma, hapo, na kutoka chini ungesikia ahaa.

Na tundu lile la hewa... Adero anakaribia kucheka, anajizuia, Hajji atadhani anacheka harusi yake, lakini limekuja, limekuja lenyewe na halitoki, Nashon kijana, ametoka Kisumu juzi, anajifunza kazi kwa fundi mmoja mzee hapa hapa Katwe, amepewa gari peke yake kwa mara ya kwanza, na zulia la zamani lilikuwa zima bado, halikuoza kama hili la Hajji lililotoka vipande vipande kama ugali wa jana, basi akalitandaza la zamani juu ya jipya na kuchora kwa chaki kila tundu alilolikuta, la kiti, la mkanda, la breki, akayakata yote vizuri, akayazungushia ngozi na kushona mara mbili, na moja lilikuwa karibu na pedeli ya mafuta, duara zuri, akalishona kwa upendo wa pekee, na mwenye gari akaja, mzee wa Kiganda mwenye kofia, akaketi, akaweka mguu, akatazama chini kwa muda mrefu, akasema, "Ssebo, hapa panapita nini?" na Nashon na futi yake shingoni akatazama naye, na ndipo alipoona kwamba lile halikuwa tundu la gari, lilikuwa limechimbwa na kisigino cha yule mzee mwenyewe kwa miaka yote aliyokanyaga mafuta, na yeye alikuwa amelishona pande zote kama kitu cha kiwandani, na akasema, "Hewa, mzee. Mguu upumue." Mzee akacheka mpaka akavua kofia. Akaleta na magari ya ndugu zake... Nashon aliisimulia hadithi hiyo kila sikukuu, kwenye kila meza, na kila mara mzee alicheka zaidi na kofia ilianguka mbali zaidi, na nyumbani ikawa ni msemo wao, soksi ikitoboka, hapa panapita nini, paa likivuja, hapa panapita nini, Travis alipong'oka jino la mbele akarudi kutoka shule amefunga mdomo kwa haya, baba yake akamshika kidevu, fungua tuone, hapa panapita nini, na mtoto akasema hewa, akacheka, na sasa Travis ni mtu mzima ana kazi yake Nairobi, na siku ya mazishi hakusema hewa, hakuna aliyesema, watu walisimama kando ya lile tundu kubwa lenye kingo zilizonyooka, zimekatwa vizuri na vijana wa kijijini, na Adero alitazama kingo akajikuta anawaza tu kwamba ni kazi safi, wameikata vizuri, na akajichukia.

"Mama Travis." "Naam." "Nitoke? Mgongo yangu inalia." "Usitoke, Emile, nakuomba. Kidogo tu." "Bon. Niko." Na anakaa, Adero anasikia anavyojipindua juu ya boksi la kadibodi alilotandika, anaguna, anaimba kitu cha kwaya chini chini, sauti ya pili, hiyo ndiyo sauti yake kanisani, Bibiane mkewe ndiye anayeshika ya kwanza, Bibiane ambaye jumuiya hukutana sebuleni kwake, Wakenya na Wakongo na yule mama mmoja wa Gulu, wanakaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, mshumaa uko mezani juu ya kisahani, wanasali rozari kwa Kiswahili cha kila mtu na kwao, na mwisho ni maombi ya marehemu, kila mmoja anamtaja wake, umkumbuke mama yangu Benedicte, anasema Bibiane kila juma kwa sauti ile ile kana kwamba anamwagizia mtu salamu, umkumbuke, umkumbuke, jina linazunguka kama sahani ya karanga, na likifika kwa Adero linasimama. Anatazama mshumaa. Anakohoa. Si kwamba hataki, yeye ni mtu wa sala tangu utoto, mama yake alimfundisha Baba Yetu kabla hajajua kuoga mwenyewe, lakini jina la Nashon linafika kwenye meno na kukaa hapo, kwa kuwa akilitoa litaingia kwenye ile sahani pamoja na majina mengine, litazunguka, litakuwa ni jina la waliokufa, na kuna kitu hakijaisha, hajui ni nini, kuna kitu kama birika lililoachwa jikoni na mtu ameshatoka nje ya nyumba, anajua kuna moto mahali lakini hakumbuki ni wapi, na Bibiane, Mungu ambariki, hamsukumi, hungoja kidogo halafu husema tuendelee... na juma lililopita walipotoka mlangoni alimwambia tu, dada, siku ile itakuja yenyewe, wewe usiifuate.

"Sasa Emile, nisikilize," anasema, na anainama karibu na zulia, mdomo wake karibu na manyoya yake, harufu ya gundi na nailoni mpya, "usigonge. Sukuma pole pole, halafu pumzika. Halafu sukuma tena. Upe mkono wangu nafasi ya kufikiri." "Sukuma, pumzika." "Eeh." "Sukuma, pumzika, kama kuzaa," anasema Emile, na wapiga bati wanacheka tena, na Hajji anasema astaghfirullah, gari yangu inazaa, na kicheko kinapita juu ya Adero kama wingu linavyopita juu ya ua, kwa sababu chini ya kiganja chake kitu kimeinuka. Kidogo. Kimesimama. Kimeshuka. Kimeinuka tena, palepale, katikati kabisa ya kiganja, kwenye lile shimo dogo ambalo mtu akikunja mkono hubeba maji, kimeinuka, kimepumzika, na ni hapo, hakuna shaka yoyote, ni hapo, anafungua mdomo aseme, lakini kiganja kimeenda mahali pengine, kimeenda wodini.

Kimeenda chini ya blanketi la kijivu lenye mstari mmoja mwekundu, asubuhi ile kabla ya saa tatu na robo, Nashon amelala chali na nusu ya uso wake imeshuka, kiharusi kilikuwa kimeuchukua ulimi wake kabla ya vyote, ulimi uliosimulia habari za kofia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya blanketi umegeuka juu, na Adero aliweka kiganja chake juu ya ule mkono, juu ya blanketi, hakuwa na sababu, mtu huweka tu mkono, na kutoka chini kidole kikasukuma. Kikapumzika. Kikasukuma. Na yeye akamwita muuguzi, akasema dada, anatikisika, na muuguzi akaja, akamgusa paji la uso, akasema kwa upole kwamba ni mishipa, mama, hutokea, usiogope, na Adero akasema asante, na kidole kikasukuma, kikapumzika, na yeye akadhani ana baridi, akalivuta blanketi likapanda mpaka kidevuni, akamwambia pumzika, baba, pumzika, na alimwambia mengine mengi asubuhi ile, alimwambia Travis yuko njiani, alimwambia padre ameshaitwa, alisali, maneno yalimtoka kama maji, maneno yote aliyoyajua isipokuwa moja... Mungu wangu. Isipokuwa moja. Alikuwa akimuuliza. Hakuwa na ulimi, macho hayakufunguka, walikuwa wameshamfunika blanketi, amelala gizani na kidole kimoja kimebaki kinachomtii, na akamuuliza kwa njia pekee ambayo hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kuijibu, unasikia, uko, uko hapo juu, na mkono wake ulikuwa juu, palepale, ncha katikati ya kiganja, na yeye akamwita muuguzi.

"Mama Travis? Unasikia?"

Kiganja hakisogei. Anasikia nyundo za Katwe zimerudi zote kwa pamoja, bati juu ya bati, na macho yamejaa, tone moja limeangukia zulia la Hajji na kukaa juu ya manyoya bila kuingia, zulia zuri, halinywi maji haraka, na anawaza basi ndilo hilo, ndilo birika, nimelipata, miezi yote hii lilikuwa likichemka kiganjani mwangu, aliniuliza nami sikumjibu, akafa akiuliza, na shemeji aje hata leo, asingoje Jumapili, mtu aliyeshindwa kumsikia mume wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe atamsikia nani... na ncha inasukuma, inapumzika, inasukuma, Emile amejifunza haraka, mwanafunzi mzuri, na huu si mkono wake yule, ni mzito kidogo, unaegemea kushoto, lakini unangoja, unauliza na kungoja, na kungoja kule ndiko kunakomshika Adero ukosi na kumrudisha kwenye siku zote, siku za magari yote, Pejo na Benzi na ile Foksi ya masista, siku ambazo ncha ilikuja na yeye hakujibu, kwa sababu zulia lilikuwa zito, au mkono ulikuwa na baridi, au alikuwa amekasirika kuhusu jambo la nyumbani, na Nashon aliye chini hakuita hata siku moja, hakugonga, watu walikuwa wakimshangaa, mafundi wengine wanatukanana kupitia bati, wewe umekufa huko juu, lakini Nashon kimya, sukuma, pumzika, na siku moja Adero alimuuliza, walikuwa wanakula viazi kwenye ngazi ya kibanda, mbona nikikawia huniiti, na yeye akameza kwanza, akasema, kwa nini nikuite, ukinyamaza najua bado unatafuta, ningeogopa kama ungejibu haraka... alisema hivyo. Viazi mdomoni. Ukinyamaza najua bado unatafuta. Akapangusa chumvi kwenye suruali na kusema tena, jibu la haraka ndilo hutoboa zulia la mtu bure, wewe tafuta, mimi niko, sina safari.

Sina safari. Na Adero anakaa na neno hilo, magoti yanamuuma kwenye gunia alilotandika, chuma kimeanza kuwa chekundu badala ya cheupe, kitapoa, na kipoe, kuna makaa mengine, na anawaza pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi usiku akitafuta kila kidato kwa mguu, anawaza kwamba asubuhi ile ya Jumanne, Nashon aliposukuma na kusikia kimya juu yake, kile kimya hakikuwa kigeni kwake, alikijua, alikuwa amelala chini ya kimya hicho maisha yake yote ya ndoa, na hakuna siku aliyokidhani kuwa ni kutokuwepo, alikidhani kuwa ni yeye, Adero, juu pale, anapapasa, bado anatafuta, kwa hiyo hakufa akiuliza swali lisilojibiwa, alikufa akingoja, na kungoja hakukumsumbua kamwe mtu yule, na kama padre anasema kweli, na padre anasema kweli, Adero anaamini hivyo kama anavyoamini sakafu iliyo chini ya zulia hili ingawa haioni, basi hakuna kitu kilichofungwa saa tatu na robo, kioo cha saa kimepasuka lakini mtu yule bado yuko chini ya kitu, mahali, mikono yake ikiwa imetulia kifuani, sina safari, na kiganja cha mtu bado kinaweza kufika, kwa kuchelewa, kwa baridi, kwa hasira, kinaweza kufika na kusema lile neno, na tundu alilokuwa akilizungushia ngozi moyoni tangu Machi, akilishona mara mbili, akilitunza, hapa panapita nini, Adero, hakuna, hewa, ni kisigino tu kimekanyaga hapo miaka mingi, hilo si la kukatwa tena kwenye zulia jipya, la kukatwa ni hili, lililo chini ya mkono, ambamo kitu kinapita.

"Nyabo," anasema Hajji, na sauti yake imepungua, labda ameona bega lake, labda amesikia jinsi nyundo tu ndizo zinazosema, "nyabo, kama ni ngumu tutangoja. Mimi sina haraka sana," na hilo ni la uongo, ana harusi Jumamosi, na Adero anampenda kwa uongo huo. Emile bado yuko chini. Ameacha kuimba. Sukuma. Pumzika. Viti viko juani, chai iko kikombeni, zulia bado halina tundu hata moja.

"Hapo," anasema Adero.

Linatoka dogo, limekauka, kama neno la mtu aliyelala muda mrefu, na kutoka chini Emile anauliza, "Hapo?" na yeye anasema tena, kwa sauti sasa, kwa sauti ambayo wapiga bati wameisikia na Hajji ameisikia na ambayo haikusemwa kwa Emile peke yake, "Hapo, hapo hapo, nimekusikia," na hauondoi mkono, ncha bado inamchoma katikati ya kiganja na hauondoi, bado kidogo, ngoja, Emile, usipenyeze kwanza, ngoja nimalize, na midomo inaanza kwenda, na jina linafika kwenye meno na safari hii halisimami... Ee Bwana, uliyelazwa chini ya jiwe na ukainuka, umkumbuke mtumishi wako Nashon, mume wangu, aliyelala chini ya magari ya watu akitazama jua kupitia matundu madogo, umpe sasa mwanga usiofunikwa na zulia wala na udongo, akisukuma apokewe, akiuliza ajibiwe, umsamehe alichokosea na unisamehe mimi niliyekawia, mwambie nimesikia, na umpumzishe kwa amani yako hata siku tutakapoitwa wote tutoke gizani. Amina.